Kijana anatamba mechi zote za maandalizi NFL halafu anakatwa. Tatizo huwa nini hasa?

Mzuka_wa_Columbus
Wakuu salaam. Hili jambo linaniuma kila mwaka mwezi wa nane ukifika. Kila msimu wa NFL, ligi ya football ya Marekani, kuna kijana hakudraftiwa, yaani hakuitwa kwenye drafti timu zinapochagua vijana wa vyuo raundi kwa raundi, hakuna anayemjua, anasainiwa kimya kimya usiku ule ule drafti inapoisha, anaenda kambini, mechi za maandalizi anawaka moto, mashabiki wanaanza kumuulizia kwa jina, halafu siku ya mchujo jina halipo. Aliyebaki ni jamaa wa raundi ya tano ambaye mechi zote tatu hukumsikia akitajwa.

Mfano ambao sijawahi kuusahau ni Christian Wade. Winga wa rugby wa Wasps, Muingereza, Buffalo Bills wakamchukua 2019 kupitia ule mpango wa wachezaji wa nje. Mechi ya kwanza ya maandalizi na Colts, mara ya kwanza kabisa kukabidhiwa mpira, akachoropoka yadi 65 mpaka tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), benchi zima likamvamia kwa furaha. Huyo mtu hakuja kucheza hata mechi moja ya ligi, 2022 akarudi zake rugby Ufaransa.

Mimi naona ni pesa tu. Timu ikishamwaga bonasi kwa mtu wa drafti inambeba hata akiwa mzito, yule wa bure anaondoka. Mwenye maelezo mengine aje.

Kamanda_Kijenge
Mkuu kabla ya pesa anza na hesabu. Kambini wanaingia watu 90 kila timu, mwisho wa Agosti wanatakiwa wabaki 53. Zidisha 37 kwa timu 32 unapata watu 1,184 wanaoondoka karibu siku moja, maana tangu 2023 mchujo ni mmoja tu, zile hatua za kupunguza kidogo kidogo hazipo tena. Na ndani ya hao 53 nafasi arobaini na kitu zilishajulikana tangu mwezi wa tano. Kwa hiyo vijana wote unaowaona wanawaka wanagombania viti vichache sana. Hata kama wote ni wazuri lazima wengi walie.

Baba_Junior
Mnazunguka sana. Drafti ina raundi 12, timu 32, skauti wanatembea nchi nzima mwaka mzima mpaka vyuo vya vijijini. Mtu akipitwa raundi zote 12 ujue kuna kasoro wameiona. Mfupi, mzito, goti, au kichwa hakijatulia. Mechi ya maandalizi haiwezi kufuta hiyo.

Kamanda_Kijenge
@Baba_Junior raundi 12 ilikuwa mwisho 1992. 1993 zikawa 8, tangu 1994 ni 7. Siku hizi wanaochaguliwa ni 250 na ushee tu. Kwa hiyo mtu ambaye leo anaitwa hakudraftiwa, enzi zile angeweza kuwa raundi ya nane au ya tisa na jina lake likasomwa vizuri tu.

Baba_Junior
Saba au kumi na mbili hoja yangu ipo pale pale. Kasoro ipo.

Shangazi_Minnesota
Kasoro gani Baba Junior? Sisi huku Adam Thielen tumemuona kwa macho. Mtoto wa hapa hapa, chuo cha Mankato ambacho watu wa majimbo mengine hawakijui, 2013 alikuja Vikings kwa majaribio tu hata mkataba hana. Akapewa mkataba, akaanzia kikosi cha mazoezi (wale wanaojifua na timu ila hawamo kwenye 53), miaka ikaenda akawa risiva, yaani mdaka pasi, tegemeo wa timu. Wale skauti unaowasifia walikuwa wapi?

Otis_wa_Ngong
Niaje wasee. Mnasahau yetu. Daniel Adongo, msee wa Nairobi, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Alikuwa anacheza rugby South Africa na New Zealand, 2013 Colts wakamsaini kama lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele) na hakuwa amewahi kucheza hata mechi moja ya hii football. Akaanza kikosi cha mazoezi, Desemba wakampandisha, akaingia kwa zile pleyi za kupiga na kurudisha mpira. Mwili alikuwa nao, futi 6 na inchi 5, spidi alikuwa nayo. 2014 majeraha yakamweka nje, 2015 wakamwachilia. Huyo hakukosa talanta hata kidogo. Alikosa muda wa kujifunza, wenzake wameanza wakiwa na miaka nane.

BintiHouston
Nimesoma wote. Pesa ipo na hesabu ipo lakini mnaongelea mchezaji akiwa na mpira mkononi. Mtoto wa kaka yangu ni raningi beki (anayekimbia na mpira), hakudraftiwa, alienda kambi ya timu moja sitaitaja. Familia nzima tulikusanyika sebuleni kuangalia mechi ya pili, robo ya nne akapasua katikati akakimbia yadi nyingi, nyumba ikawa vigelegele. Siku ya mchujo akakatwa, kaka yangu alilia.

Baadaye dogo mwenyewe alinikalisha akanionyesha video. Dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira), lainibeka wa katikati amesogea mbele kabisa, visigino vimenyanyuka, yaani kila kitu kinasema huyu anakuja. Kazi ya dogo kwenye pleyi ile ilikuwa abaki nyuma amkinge kwotabeki, yule mrusha pasi. Yeye akatoka pembeni kwenda kungoja pasi. Kwotabeki alichapwa mgongoni mpira ukadondoka. Kwenye tivii mtangazaji alisema tu safu ya mbele imepwaya, sisi hatukujua lolote. Chumba cha makocha waliirudisha ile pleyi mara kibao mbele ya wote. Raningi beki asiyeweza kumkinga kwotabeki hapewi dauni ya tatu, na asiyepewa dauni ya tatu ni wa nini wakati wapo wanne mbele yake?

Kwa hiyo mimi nasema ni kitabu cha mipango. Kujua nani unamzuia kabla mpira haujaondoka.

Mzuka_wa_Columbus
Pole sana dada, mpe pole na dogo. Ila hapo hapo ngoja nikuulize, kama angekuwa wa raundi ya tatu wangemkata kwa pleyi moja? Wangesema ni mgeni atajifunza. Wangempa mwaka mzima.

BintiHouston
Wangempa, nakubali. Ndiyo maana nimesema pesa ipo. Lakini asingekosea wangemkata kwa sababu gani?

Mwalimu_Gunia
Mimi nilicheza chuo daraja la chini huku Ohio, sikufika popote, ila kaka zangu wawili wa timu walienda kambi za NFL. Jibu mnalikwepa, na Otis kaligusa akapita. Ni timu maalum. Kiki ya kuanzia, kurudisha panti (mpira unaopigwa mbali kuwaachia wapinzani), kuzuia panti. Risiva wa tano na wa sita hawekwi kikosini kwa sababu ya kudaka. Anawekwa kwa sababu ndiye wa kwanza kufika kwa mrudishaji na kumuangusha. Siku ya mechi wanavaa 48 tu kati ya wale 53, kocha wa timu maalum ana sauti kubwa sana kwenye hizo nafasi za mwisho. Kijana amekuwa staa chuoni miaka minne hajawahi kukimbia kwenye kiki hata mara moja, anafika kule anaonekana anajivuta, imeisha hiyo.

Na tangu 2024 walipobadilisha kiki ya kuanzia, mipira inarudishwa mingi kuliko zamani, kwa hiyo kazi hiyo imezidi thamani. Angalieni tu kambini nani anaingia kwenye kundi la kwanza la kiki, hapo utajua nani anabaki kabla hata mechi haijachezwa.

Baba_Junior
Mwalimu leo umeamka. Sasa mbona Welker alikuwa hatari kwenye kurudisha mipira na San Diego walimkata?

Mwalimu_Gunia
Wes Welker 2004 aliingia kikosini hao Chargers wa San Diego, akacheza mechi moja ndiyo wakamtoa. Dolphins wakamchukua fasta, na walimchukua kwa ajili ya hizo hizo timu maalum. Unanisaidia kujenga hoja mkuu asante.

Baba_Junior
😂😂 wewe unawatetea hao makocha kama wanakulipia ada za watoto.

DerevaShato
Habari za humu. Mimi sijui mambo ya pleyi ila niliwahi kuendesha shato ya hoteli waliyokuwa wanakaa wachezaji wa kambi, mji siutaji. Siku ya mchujo nilikuwa nawapeleka uwanja wa ndege. Asubuhi kuna jamaa wa ofisini anapita, anasema kocha anakuhitaji, njoo na tableti yako. Ile tableti ndiyo ina mipango yote, ukishaambiwa uje nayo umejua. Wanatoka na viatu na vitu vya kabati kwenye mifuko myeusi ya takataka, begi la maana hana maana alikuja na kibegi cha mgongoni.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwenye gari walikuwa wanaongea. Karibu kila mmoja alikuwa ameumia sehemu. Mmoja msuli wa nyuma ya paja ulimkamata wiki ya kwanza akaficha, akawa anafanya mazoezi nusu nusu, makocha wakaona mvivu. Mwingine kifundo cha mguu. Aliyedraftiwa akiumia anapelekwa kwa daktari anaambiwa pumzika. Huyu akiumia anaogopa hata kusema. Sijawahi kusikia kwenye tivii wakilisema hilo.

Shangazi_Minnesota
Dereva umenitoa machozi. Watoto wa watu hao.

Otis_wa_Ngong
@DerevaShato hii ni kweli kabisa. Na cheki Victor Cruz. 2010 hakudraftiwa, mechi ya maandalizi na Jets alifunga tachidauni tatu, New York yote ikawa inamuongelea. Akaingia kikosini, kisha paja likamtoa msimu wote. Giants wakamngoja, 2011 akapata yadi 1,536. Sasa angeumia wiki mbili kabla ya ile mechi ya Jets? Nani angemngoja?

Kamanda_Kijenge
Kuna kitu Mzuka umekosea kwenye post ya kwanza kuhusu Wade na ni muhimu. 2019 Bills walimweka kwenye ile nafasi ya ziada ya mchezaji wa kimataifa kikosi cha mazoezi, na nafasi hiyo enzi hizo ilikuja na sharti kwamba msimu huo hawezi kupandishwa. Yaani hata angekuwa anapaa, kanuni ilimfunga. Ilikuwa nafasi ya kujifunzia. Kuanzia 2024 timu zote 32 zimepewa nafasi hiyo ya ziada. Halafu Wade alikuwa ana miaka 28 alipoanza, raningi beki wa miaka 28 NFL anaitwa mzee.

Mzuka_wa_Columbus
Sawa hilo la kanuni nimelipokea. Lakini 2020 na 2021 je? Na Louis Rees-Zammit? Kaacha rugby Wales akiwa na miaka 22, Chiefs wakamsaini 2024, wakamkata Agosti hiyo hiyo, akaenda kukaa kikosi cha mazoezi Jacksonville, 2025 akarudi rugby. Huyo naye mzee?

Mwalimu_Gunia
Huyo ni jibu la Otis, muda wa kujifunza. Kukimbia anajua. Lakini kusoma ulinzi wa pembeni unavyobadilika ukiwa tayari unakimbia, hilo hulipati kwa mwaka mmoja. Ila hao wa rugby ni kesi yao, tusiwachanganye na dogo wa BintiHouston ambaye kacheza tangu utotoni.

Mwana_Kisauni
Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Dallas na nawasoma tangu asubuhi, naona mumesahau kitu kikubwa, kuchagua timu. Raundi ya saba ikiisha simu ya kijana inalia timu nne tano kwa pamoja, ana dakika chache za kuamua, na wengi hukimbilia bonasi kubwa au timu alopenda tangu mdogo. Makosa hayo! Tizama Tony Romo 2003. Denver walimtaka na walikuwa na pesa zaidi, akaenda Cowboys kwa sababu aliangalia waliokuwa mbele yake, Quincy Carter na Chad Hutchinson, akaona hapa napata njia. Pia Sean Payton alikuwa kocha pale na walisoma chuo kimoja. Akakaa miaka anangoja, 2006 akashika usukani.

Sasa mtizame Kurt Warner 1994. Kambi ya Packers alimkuta Brett Favre, Mark Brunell, Ty Detmer. Wallahi hapo hata angekuwa malaika angekatwa. Akarudi Iowa kupanga bidhaa kwenye supamaketi usiku.

Baba_Junior
Halafu kutoka supamaketi akaenda kubeba Super Bowl, fainali ya ligi, na Rams. Hiyo stori kila mtu anaijua.

Mwana_Kisauni
La, hakutoka supamaketi akaingia Rams. Katikati alicheza ile football ya ndani ya ukumbi na Iowa Barnstormers, kisha Rams wakampeleka Amsterdam kwenye ligi ya Ulaya 1998. 1999 alikuwa namba mbili, Trent Green akavunjika goti mechi ya maandalizi Agosti, ndio Warner akapewa timu. Msimu huo akawa mchezaji bora wa ligi na Super Bowl juu. Sasa mniambie, Trent Green asingeumia tungekuwa tunamjua Warner?

Shangazi_Minnesota
Ndiyo maana nasema ni Mungu tu. James Harrison naye Steelers walimkata si mara moja, Ravens wakamkata, 2004 Clark Haggans akaumia mkono akinyanyua vyuma ndiyo Steelers wakampigia simu Harrison. 2008 akawa mlinzi bora wa ligi nzima, na Super Bowl ya msimu huo akadaka pasi akaikimbiza uwanja mzima yadi 100. Kuna wangapi ambao hakuna aliyeumia mkono wakabaki nyumbani?

Kamanda_Kijenge
Shangazi bahati ipo ila Harrison mwenyewe mwanzoni alikuwa hajui mipango, pleyi zikimchanganya anasimama. BintiHouston atafurahi.

BintiHouston
🙌🏾

Mzuka_wa_Columbus
Kuna kingine nataka kuongeza ambacho kinaunga mkono pesa. Kikosi cha mazoezi. Watu wanasema akikatwa si anabaki mazoezini. Zamani kilikuwa cha vijana. 2020 kwa sababu ya korona wakaongeza mpaka 16 na wakaruhusu wazoefu hadi 6 wasio na kikomo cha miaka, na haikurudi nyuma. Kwa hiyo viti sita kati ya hivyo vinaweza kukaliwa na mtu mwenye miaka tisa kwenye ligi. Kijana anapata wapi pa kukomaa? Na tofauti ni kubwa, 2025 mgeni akiwa kwenye 53 kima cha chini ni dola 840,000 kwa msimu, kikosi cha mazoezi kijana analipwa 13,000 kwa wiki na wiki yoyote anaweza kuambiwa asije.

Mwalimu_Gunia
Upande wa pili wa hilo. Zamani kilikuwa watu 8, baadaye 10. 16 toa 6 bado 10. Kijana hajapoteza kitu. Na siku hizi anaweza kupandishwa kwa mechi moja moja mpaka mara tatu kwa msimu bila kuingia kwenye 53. Thielen wa enzi hizi angepata nafasi zaidi.

Mzuka_wa_Columbus
10 za zamani zote zilikuwa zao au karibu zote. 10 za sasa ni zile zinazobaki wazoefu wakishatosheka. Si sawa.

Kamanda_Kijenge
Na hapo hapo kuna mchezo wa weva. Kijana akikatwa timu nyingine zina masaa 24 ya kumdaka, akipita ndiyo anarudi kikosi cha mazoezi. Sasa timu inayempenda kweli kijana wake HAITAKI ang'are sana kwenye tivii. Nimeona makocha wanamchezesha mtu robo ya kwanza kidogo halafu wanamfunika na taulo mechi nzima. Mashabiki wanalalamika kanyimwa nafasi, kumbe wanamficha. Arian Foster Texans walimkata 2009 akapita weva bila mtu kumgusa, Novemba wakampandisha, 2010 kaongoza ligi kwa yadi 1,616. Timu 31 zilikaa zinamtazama.

Na kinyume chake pia. Kijana anaingia kwenye 53 Jumanne, Jumatano timu inadaka mtu aliyekatwa kwingine, lazima mmoja atoke, anatoka yeye. Ameshapiga simu kwa mama yake kwamba nimeingia.

DerevaShato
Huyo wa Jumatano nilimbeba. Hakuongea njia nzima.

BintiHouston
Kamanda hilo la kufichwa wanalisema sana mawakala ili kumpoza mtoto. Dogo wetu aliambiwa hivyo hivyo, "wanakuficha, watakurudisha". Simu haikuja. Mkiwa na vijana kwenye familia msiwape hayo maneno.

Otis_wa_Ngong
Sasa dogo anafanya nini siku hizi?

BintiHouston
Anafanya mazoezi na anatafuta timu ya ligi ya masika, ile UFL. Analipa gym mwenyewe, asubuhi anafundisha watoto. Kaka yangu anataka aache atafute kazi, mimi nimesema apewe mwaka mmoja.

Mwana_Kisauni
Mpeni. KaVontae Turpin wetu hapa Cowboys alitokea ligi ya masika 2022. Na Brandon Aubrey ndiyo kabisa! Huyo alikuwa beki wa soka, huu mpira wetu, Toronto FC walimdrafti 2017 MLS, ligi ya soka ya huku, ikashindikana, akawa mhandisi wa programu ofisini. Akaanza kujifunza kupiga kiki, akaenda Birmingham Stallions kwenye USFL, nayo ligi ya masika, 2023 Cowboys wakamchukua. Sasa ni kati ya wapigaji bora kabisa.

Otis_wa_Ngong
Hapo ndiyo vijana wetu wa huku waangalie. Mguu tunao. Msee hahitaji kumeza kitabu chote cha mipango apige kiki.

Mwalimu_Gunia
Otis taratibu. Mpiga kiki kila timu ina mmoja, kwa hiyo ligi nzima kazi ni 32 na wengine wanakaa miaka 15 hawatoki. Risiva ana viti sita kwa timu. Ukilinganisha, mpiga kiki asiyedraftiwa ndiye mwenye mlango mwembamba kuliko wote. Na ule mpira umechongoka, yule anayeuweka chini akiuinamisha kidogo tu unakwenda kwingine, kuna vijana wa soka wanapiga yadi 60 mazoezini na wakiwekewa watu kumi na moja mbele wanakosa za 35.

Baba_Junior
Kasoro. Nilisema mwanzoni.

Shangazi_Minnesota
Baba Junior 😂😂 BintiHouston mwambie kaka yako dogo asiache mazoezi. Majaribio ya UFL yanatangazwa lini, kuna anayejua?